Nara kwa siku moja: kumlipa mwongozaji au kwenda wenyewe?

Swali: Mimi ni muuguzi kutoka Mbeya, niko Kobe kwa mafunzo ya miezi mitatu. Katikati ya Novemba tuna Jumapili moja tupu na tunataka kwenda Nara. Tuko watatu: mimi, mwenzangu wa Mombasa ambaye ni Mwislamu, na mama mmoja wa Kigoma ambaye goti linamsumbua, tena ni mlokole, ameshatuambia kwamba hainamii sanamu ya mtu. Mtandaoni tumeona ziara za kikundi kidogo zenye mwongozaji wa Kiingereza, na basi linalozungusha watu Kyoto na Nara siku hiyo hiyo, bei karibu sawa. Tulipe au twende wenyewe? Na tukilipa, tuchague ipi?

Jibu: Dada, nianze na hilo basi la miji miwili kwa sababu jibu lake ni fupi: liacheni. Nililipanda mwaka wangu wa kwanza huku, kabla sijawaza kwamba kuwatembeza wageni Nara kungekuja kuwa kazi yangu. Tulikuwa arobaini na ushei, mtu wa bendera mbele, na Nara tukapewa dakika hamsini. Robo saa iliishia kwenye foleni ya choo, nyingine kwenye biskuti za kulishia kulungu. Budha Mkuu, ile sanamu kubwa ya shaba ya Nara, nilimwona kwa muda wa kupiga picha mbili, na moja kati ya hizo imejaa kisogo cha mzee nisiyemjua. Kyoto nayo ilikuwa mji mkuu tangu 794 hadi 1868. Huo si mji wa kupitia njiani. Upeni siku yake, au uacheni kwa safari nyingine.

Sasa Nara. Watu wengi hulipia ziara kwa kuhofia usafiri, na usafiri ndio sehemu rahisi kuliko zote, hasa kwenu mlioko Kobe. Tangu 2009 reli ya Hanshin imeunganishwa na ya Kintetsu, kwa hiyo pale Sannomiya mnapanda treni ya haraka iliyoandikwa Nara na hamshuki tena mpaka mwisho wa reli. Ni saa moja na dakika ishirini hivi, nauli yeni elfu moja na kitu, na kadi ya nauli ya ICOCA inakubaliwa. Hakikisheni tu mmeingia stesheni ya Hanshin, si ya JR iliyo jirani yake. JR itawafikisha Nara pia, ila kwa kubadilisha treni Osaka, na itawashusha upande wa magharibi wa mji, robo saa au zaidi kwa miguu kabla hamjaona chochote. Kintetsu inawatoa chini ya ardhi karibu kabisa na bustani. Mkipanda ule mtaa dakika chache, mnamkuta kulungu wa kwanza amesimama kando ya barabara kama anayesubiri daladala.

Basi fanyeni hesabu hii. Chukueni bei ya ziara, toeni nauli kama imo, toeni kiingilio (Jumba la Budha Mkuu ni yeni 800). Kinachobaki ndicho mnachomlipa mwongozaji kwa mdomo wake. Swali lenu halisi ni kama mdomo huo una thamani hiyo. Kwako wewe, muuguzi, nadhani unayo, mradi mmpate anayejua kazi. Ngoja nikuonyeshe nina maana gani.

Vikundi vingi hukutana nje ya stesheni ya Kintetsu, kwenye chemchemi yenye sanamu ya mtawa amesimama katikati ya maji. Wageni huitumia kama alama ya kukutania, kisha wanaipa mgongo. Mtawa huyo anaitwa Gyoki, na mwongozaji mzuri huanzia hapo hapo, kabla ya hatua ya kwanza.

Mwaka 735 ndui iliingia Japani kupitia Kyushu, kusini. Kufikia 737 ilikuwa imefika mji mkuu, ambao zama hizo ulikuwa hapa Nara, kuanzia 710 hadi 784, ukiondoa miaka michache ya katikati ambayo mfalme alihamahama. Ndugu wanne wa ukoo wa Fujiwara, ndio walioshika serikali, walikufa wote ndani ya mwaka huo mmoja. Wanahistoria wanakadiria kwamba kati ya robo na theluthi ya watu wa nchi nzima walipotea. Hebu ipigie hesabu hiyo wodi yako. Mfalme Shomu aliona mikosi yote hiyo inamwangukia yeye kama mtawala, na mwaka 743 akatoa amri asubiwe Budha mkubwa wa shaba. Ndani ya amri hiyo mna maneno ambayo mtu wa kwetu akiyasikia lazima atabasamu: kwamba hata mwenye jani moja tu au konzi ya udongo, akitaka kuchangia, apokelewe. Harambee, karne ya nane!

Aliyezunguka kuikusanya ni Gyoki. Serikali hiyo hiyo ilikuwa imemkemea mwaka 717 kwa kuhubiria watu mitaani. Watu walimpenda, kwa sababu alikuwa akiwajengea madaraja na kuwachimbia mabwawa. Ilipohitaji mikono ya watu ikamrudia, na mwaka 745 ikampa cheo cha juu kuliko vyote vya utawa. Alifariki 749, kazi haijaisha. Sanamu yake pale stesheni imegeuzwa uso kuelekea hekalu la Todai-ji, aliko Budha wake.

Mtu aliyesikia hayo akiingia ukumbini haoni kile nilichokiona mimi siku ya basi. Budha ana karibu mita 15, ameketi. Mafundi walimsubu kwa awamu nane, kuanzia chini kwenda juu, kati ya 747 na 749. Mwaka 752 ikafanywa sherehe ya kumfungua macho, na aliyeshika brashi ya kuchora mboni alikuwa mtawa kutoka India, Bodhisena. Brashi hiyo ilifungwa kamba ndefu ya hariri ya buluu, na umati ukaishika kamba ili kila mkono uwe umeshiriki kuchora. Brashi ipo mpaka leo, na kamba ipo, zimehifadhiwa katika ghala la Shosoin nyuma ya hekalu.

Na kuna mke wa mfalme, Komyo, ambaye ningependa umjue kabla hujarudi Mbeya. Mwaka 730, kabla hata ya ndui ile, alianzisha nyumba ya kuwapa wagonjwa dawa na nyumba ya kuwatunza maskini na yatima. Mumewe alipofariki mwaka 756, vitu vyake vya thamani alivitoa kwa Budha, na pamoja navyo akatoa makasha 21 ya dawa, aina 60, pamoja na agizo kwamba wanaoumwa wapewe. Orodha yake ipo. Ina ginsengi na rubabu, mizizi ya dawa, na mwenzako wa Mombasa atashangaa kusikia kwamba ina mdalasini na pilipili manga pia, zilizosafiri mpaka hapo kutoka nchi za joto. Baadhi ya dawa zenyewe bado zimo ghalani. Kila mwaka Makumbusho ya Taifa ya Nara huonyesha sehemu ndogo ya hazina hiyo kwa wiki mbili na siku kadhaa, kuanzia mwishoni mwa Oktoba. Kama Jumapili yenu itaangukia humo, kateni tiketi mapema, kwani huuzwa kwa saa na huisha. Ghala lenyewe kwa kawaida hutazamwa kwa nje tu, siku za kazi, kwa hiyo hilo lisahauni.

Hayo ndiyo mnayolipia, na njia ya kujua kama mtayapata ni kuuliza kabla ya kulipa. Mimi nina swali langu moja la mtego. Mwandikie mwenye ziara: je, sehemu gani ya Budha Mkuu ni ya karne ya nane? Jumba liliungua 1180 na tena 1567. Lililopo ni la 1709, na upana wake ni mita 57 tu, wakati la kwanza lilikuwa na 86. Kichwa cha Budha ni cha miaka ile ya ukarabati wa mwisho. Cha kale zaidi ni baadhi ya petali za yungiyungi alizokalia, zenye michoro myembamba kama unywele iliyochongwa kwenye shaba. Anayejua atakujibu kwa sentensi mbili. Asiyejua atakutumia tena tangazo lake.

Ulizeni pia idadi. Neno “kidogo” kwenye tangazo halina uzito. Takwimu ndiyo yenye uzito. Nane ni idadi nzuri, kumi na mbili inavumilika. Zaidi ya hapo, mkisimama chini ya Nandaimon, lango kuu la kusini la Todai-ji, wa nyuma hasikii. Na pale kuna la kusikia: wale walinzi wawili wa mbao wenye zaidi ya mita nane walichongwa mwaka 1203 na kundi la wachongaji Unkei na Kaikei kwa siku 69 tu. Kuhusu leseni, tangu 2018 sheria ya Japani inamruhusu mtu yeyote kuongoza watalii kwa malipo, lakini jina la mwongozaji mwenye leseni ya taifa bado ni la waliofaulu mtihani, na mtihani huo unauliza historia. Leseni haimfanyi mtu awe msimuliaji, ila inawapunguzia bahati nasibu.

Ushauri wangu kwenu watatu ni huu: chukueni ziara ya nusu siku, ya asubuhi, ya kutembea kwa miguu, inayoanzia na kuishia Nara kwenyewe. Mchana muwe huru. Ya siku nzima itamchosha mama, na yeye kwa heshima hatasema, atajikaza mbele ya wageni mpaka goti livimbe. Na kabla hamjalipa, jaribuni mlango mwingine: Nara kuna vikundi vya wajitolea, wakiwemo wanafunzi wanaotaka kuzoea Kiingereza, wanaoongoza wageni bila malipo. Mnamlipia nauli, kiingilio, na kama mnakula pamoja basi na chakula. Huombwa wiki mbili tatu kabla. Mjitolea atawafuata ninyi watatu tu, kwa mwendo wenu. Kiingereza chake huenda kikawa cha kukwamakwama, lakini nimewaona wastaafu wa aina hiyo wakieleza habari za Gyoki kwa machozi. Ingekuwa safari yangu, ningeanza nao, na kikundi cha kulipia kiwe cha akiba.

Hilo la mama wa Kigoma lisiwape shida. Tiketi ya Todai-ji ni ya kuingia kutazama, na hakuna anayemlazimisha mgeni kuinama. Kwenye Kasuga Taisha, ambalo ni hekalu la Shinto, dini ya asili ya Wajapani, mtaona wenyeji wakiinama mara mbili, wakipiga makofi mawili, wakiinama tena. Mtu akisimama pembeni kimya hakuna anayemkodolea macho. Tatizo hutoka kwa waongozaji wachangamfu wanaopenda kikundi kizima kijaribu, “moja, mbili, makofi!” Mwambieni mapema kwamba mmoja wenu hatashiriki, naye ataelewa.

Nje ya mlango wa jumba la Budha, upande wa kulia, ameketi mzee wa mbao aliyevaa kofia nyekundu, rangi imembabuka, uso umechakaa kwa mvua na vidole vya watu. Ni Binzuru, mwanafunzi wa Budha, na wenyeji huamini ukimgusa sehemu inayokuuma kisha ukajigusa mwenyewe, unapata nafuu. Magoti yake yanang'aa kuliko mahali pengine popote, ndipo utajua kwamba shida ya mama si yake peke yake. Niliwahi kumleta bibi mmoja wa kwetu, mlokole wa kweli kweli. Alikataa kumgusa katakata. Lakini alimtazama kwa muda, akatikisa kichwa, akamwambia kwa Kiswahili, “Pole baba, umechakaa.” Kisha akashuka ngazi taratibu na goti lake.

Kwa goti hilo: kutoka stesheni mpaka Todai-ji ni tambarare yenye mwinuko mdogo. Nigatsudo, ile baraza ya mbao iliyo juu ya kilima, ina ngazi za mawe. Ina mandhari bora kuliko zote, mji mzima chini yako, tena bure, lakini mama abaki chini kwenye benchi, msimwonee aibu kumwacha. Kasuga iko mbali kidogo na njia yake ni ya changarawe. Basi la mzunguko la jiji linapita karibu, kwa hiyo mnaweza kuvuka hapo kwa gurudumu. Mkipunguza, punguzeni Kasuga. Najua wenzangu watanisema, kwani ina kandili elfu tatu hivi za mawe na za shaba na ilianzishwa 768. Ila kandili hizo huwashwa zote usiku wa sikukuu ya Setsubun mwezi Februari na tena tarehe 14 na 15 Agosti. Mchana wa Novemba ni njia nzuri ya msitu, basi. Pagoda, yaani mnara, ya ghorofa tano ya hekalu la Kofuku-ji nayo, ya 1426, iko katika matengenezo makubwa kwa miaka hii. Msishangae mkikuta majukwaa ya mafundi mahali pa ile picha ya kalenda.

Kulungu sasa. Kiswahili hakijampa jina lake kamili: Biblia inamwita ayala, wengi tunasema kulungu, wenyewe wanamwita shika. Wako zaidi ya elfu moja, hawafugwi na mtu, na tangu 1957 ni urithi wa asili unaolindwa na sheria. Asili ya heshima yao ni Kasuga: inasimuliwa kwamba mungu wa hekalu hilo alifika akiwa amempanda kulungu mweupe. Biskuti zao, za pumba za mchele na unga bila sukari, huuzwa fungu yeni 200, na hata karatasi iliyozifunga inalika. Ukinunua, fungu likitoka tu mkononi mwa muuzaji, watatu wameshafika. Mmoja atainamisha kichwa, akiinue, akiinamishe tena, na wewe utasema lo, ana adabu kuliko mpangaji wangu. Mpe hapo hapo. Ukimchelewesha ili upigwe picha, adabu inaisha: atakuvuta koti, wa pili atakubana mgongoni, wa tatu atatafuna ramani iliyochungulia kwenye begi. Biskuti zikiisha, onyesha viganja vyote viwili vitupu, wanaondoka. Novemba ni msimu wa madume kutafutana. Wengi hukatwa pembe kabla ya hapo, lakini dume mwenye pembe zake msimkaribie, na mama akae mbali na zogo la biskuti kabisa. Goti na kichwa cha kulungu havipatani.

Chakula cha mwenzako wa Mombasa. Nguruwe atamkwepa, hilo analijua. Kinachowaponyoka wageni ni mirin, ile pombe tamu ya mchele ya kupikia, ambayo huingia kwenye mchuzi wa tambi, kwenye samaki wa kuchoma, kila mahali, pamoja na mchuzi wa soya ambao mara nyingi una kileo kidogo. Nara kuna mikahawa kadhaa inayohudumia Waislamu. Muichague na kuweka nafasi kabla ya Jumapili, msianze kutafuta saa saba mchana mkiwa na njaa. Chakula maarufu cha hapa ni kakinoha-zushi, wali wa siki na samaki wa chumvi, umefungwa kwenye jani la mpersimoni wa Kijapani, mti wa matunda uitwao kaki (jani haliliwi). Aulize kwanza kama wali umetiwa mirin. Kuhusu sala, abebe mswala na dira ya simu. Bustani ni pana, na kona tulivu hazikosekani.

Mchana, mkishaagana na mwongozaji, nendeni Naramachi, mtaa wa wafanyabiashara wa zamani. Nyumba zina uso mwembamba na zinaingia ndani mbali. Iko moja yenye madirisha ya fito inayoingiwa bure, wanaiita Koshi-no-ie, mtaona ua wa katikati na jiko la zamani. Kwenye michirizi ya paa zimening'inia nyani wekundu wa kitambaa, kila mmoja kwa jina la mtu wa nyumba, wapokee mkosi kwa niaba yake. Njiani, kwenye kona ya Mtaa wa Sanjo, kuna duka la mochi, madonge ya mchele wa kutwangwa, ambako vijana wawili hutwanga mchele kwenye kinu: mmoja anapiga nyundo ya mti, mwingine anaingiza mkono kugeuza donge kati ya pigo na pigo, na sauti zao ndizo zinazohesabu. Sisi tuliokua na mchi na kinu tunajua hapo makosa ni ya kidole. Kuleni likiwa la moto.

Jua huzama kabla ya saa 11 jioni, na jumba la Budha hufungwa saa hiyo hiyo. Bakshishi huku haitolewi, asante inatosha. Mapipa ya taka ni haba, bebeni mfuko wenu. Asubuhi pandeni treni ya saa 1:30 ili saa 3 muwe kwa Gyoki. Jioni rudini kwa Kintetsu vile vile: Nara ni mwanzo wa reli, treni inaingia tupu. Pangeni mstari dakika kumi kabla na mama atapata kiti mpaka Sannomiya.